Wiki ya Kumi na Moja

Maame Birago aliuza udongo wa kula katika Soko Kuu la Kumasi kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo alizijua mimba za watu kabla ya waume zao. Mwanamke akija kwa mara ya kwanza, akachagua vipande viwili vyeupe, akavinusa, kisha akavificha chini ya nyanya kikapuni, Birago hakuuliza neno. Alimfungia mzigo wake, akamwinamia na kumnong'oneza yale aliyofundishwa na mama yake: "Funga mdomo mpaka miezi minne. Macho ya watu yana meno."

Kwa hiyo Nsowaa, aliyeuza udongo uleule upande wa pili wa njia, alipomwita asubuhi ile kwa sauti ya asali, Birago alijua kuna mwiba ndani yake.

"Mwenzangu, nikupe hongera au ninyamaze?"

"Hongera ya nini?"

"He! Kumbe hujui. Basi nimeropoka, nisamehe." Nsowaa akajifanya anapanga vipande vyake. "Mke wa Boadu wako alikuwa hapa Jumatatu, ulipokwenda kununua chakula. Vipande vinne. Jana tena vinne. Nikajiuliza, mtoto anakopa moto kwa jirani na jikoni kwao kunawaka?"

"Labda alikuwa na haraka."

"Labda," Nsowaa akakubali. "Ila mwenye haraka hazunguki kwa wauza konokono ili asipite mbele ya mkwewe."

Birago alicheka kwa meno tu. Siku nzima aliuza bila kujua anamuuzia nani. Dufie, mke wa mwanawe wa pekee, ana mimba! Na anaificha. Kuwaficha majirani ilikuwa akili, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanawake hivyo. Lakini kumficha mama mkwe, tena muuza udongo? Mtu humficha hivyo mama wa mume kwa mambo mawili: ama mimba si ya mwanawe, ama haikusudiwi kukaa.

Dufie alikuwa na miaka thelathini na sita. Alizaa mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, na mtoto huyo hakufika siku ya nane, siku ambayo mtoto hupewa jina akawa mtu. Asiyefika siku ya nane kwa kawaida yao haliliwi. Tangu hapo Dufie hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele ya Birago, hata kwa bahati mbaya. Birago alidhani amesahau.

Jumapili baada ya kanisa alipika supu ya karanga na kuku, akaibeba mpaka Tafo walikopanga Boadu na mkewe. Dufie alikuwa ameketi kwenye cherehani yake akishona nguo nyekundu na nyeusi za msiba wa Jumamosi inayofuata. Alisimama, akapokea bakuli kwa mikono miwili, akainama vizuri kama mkwe aliyelelewa.

"Asante, Mama. Umejisumbua."

"Kula ingali moto."

"Nitakula baadaye. Tumbo limejaa."

"Limejaa nini?"

Dufie alimtazama. "Muhogo," akasema.

Wakazungumza habari za bei ya uzi na za mchungaji aliyehubiri saa mbili bila kupumua. Dufie alipotoka kwenda kumpimia mteja uani, Birago alivuta droo ya cherehani. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, na ndani ya karatasi iliyokunjwa kulikuwa na vidonge vidogo vya njano. Kusoma hakujua sana, ila tarehe alizijua: Alhamisi ijayo ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Akaifunga droo upesi. Alishasikia sokoni habari za vidonge vinavyotoa mimba. Havikosi kuwa hivi.

Aliaga. Alipofika kwa muuza mkaa akakumbuka kitambaa chake, akarudi. Nyuma ya nyumba, mbwa wa mwenye nyumba alikuwa akitafuna paja la kuku, na supu yake ya karanga ilikuwa ikiingia taratibu mfereji wa maji machafu.

Kitambaa akakiacha.

Kesho yake alimfuata Boadu kwenye karakana za Suame, akamkuta amechuchumaa chini ya lori akichomelea bomba.

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo, Mama."

"Alhamisi anakwenda wapi?"

"Ana shughuli zake."

"Shughuli gani? Wewe ni mumewe au mpangaji wake?"

Boadu alifuta jasho. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimuudhi mama yake tangu utotoni. "Mama, mambo mengine waachie wenyewe," akasema, kisha akashusha kinyago chake cha kuchomea mpaka kidevuni, cheche zikaanza kuruka. Mazungumzo yakaisha hapo. Naye anajua, Birago akawaza. Wananifanya mimi mgeni.

Alhamisi alfajiri alikuwa amejibanza karibu na kituo cha Tafo, shuka la kanga limemfunika mpaka machoni. Dufie alipopanda teksi ya pamoja, Birago alipanda iliyofuata, akamwonyesha dereva kidole: usiiache ile. Alitegemea kufikishwa kichochoroni, kwa mtu wa vichupa na sindano. Badala yake walipanda kilima, wakaingia kwenye geti la hospitali kubwa.

Dufie alipita jengo la kwanza na la pili, akaketi kwenye benchi refu lililojaa wajawazito. Matumbo ya wote yalikuwa makubwa, mengine yamekaa mapajani kama vibuyu. La Dufie peke yake lilikuwa bapa, na wenzake walimkata jicho kama mtu aliyeingia sherehe asiyoalikwa. Birago alijificha nyuma ya nguzo. Akakaa hapo saa nzima, magoti yakiuma, asielewe. Anayetaka kutoa mimba hakai foleni pamoja na wanaotaka kuzaa.

Nesi alitoka na orodha. "Dufie! Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Na wewe mama wa nyuma ya nguzo, umekuja na nani? Toka hapo. Wezi wa simu zetu ndivyo wanavyojificha."

Benchi zima likacheka. Dufie akageuka. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Birago. Alitazama kama mtu aliyekuwa akingoja jambo hilo tangu asubuhi.

"Umenifuata."

"Nimekuja kuona unamfanya nini mjukuu wangu."

"Mjukuu wako." Dufie akasogea akampa nafasi kwenye benchi, si kwa heshima, ila wasisikike. "Yule wa kwanza pia alikuwa mjukuu wako, Mama."

"Una maana gani?"

"Nilizaa nikazimia. Nilipozinduka mliniambia amekufa. Mkunga aliyenizalisha ameshahama mji, kwa hiyo kati ya waliokuwa chumbani mle umebaki wewe tu. Nilikuomba nimwone, ukasema ameshaondolewa. Nani aliondoa? Kwenda wapi? Miaka mitatu nimelala na swali hilo, na wewe unaniletea supu."

Birago akamgeukia. "Kwa hiyo unadhani niliua mtoto. Ili nipate nini? Kwetu damu hupita kwa mama. Yule alikuwa wa ukoo wako, si wa ukoo wangu. Nimuue nirithi nini?"

"Ndiyo sababu ilikuwa rahisi," Dufie akasema. "Hakuwa damu yenu."

Mwanamke aliyeketi karibu nao akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Na udongo," Dufie akaendelea, sauti imeshuka, "mimba ile nilikula udongo wako miezi tisa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniletea. Safari hii nimenunua kwingine."

Nesi akawaita. Wote wawili, akasema, maana daktari hataki mtu aingie peke yake kisha atoke analia bila wa kumshika.

Daktari Oforiwaa alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni. Aliisoma kadi, akainua uso.

"Wiki ya kumi na moja! Nani kakutuma mapema hivi?"

"Sista Akyaa, mkunga wa kliniki ya kwetu. Nilimweleza kuwa wa kwanza alipotea. Akasema nisingoje."

"Mungu ampe maisha. Wengi huniletea mimba ya miezi saba, ndipo wanasema, Daktari, tazama. Nikiona kitu nimeshachelewa kukiandalia. Wanaficha, wanaficha, mpaka siku ya kufichua haina faida." Birago akatazama sakafu. "Vidonge vya njano unameza?"

"Kila siku."

"Vizuri. Hivyo ni vya kusaidia uti wa mgongo wa mtoto na ubongo. Sasa yule wa kwanza alikuwa na nini?"

"Sijui."

"Alizaliwa hai?"

"Sijui, Daktari. Aliyekuwepo ni huyu hapa."

Daktari akageuza kiti. Birago akasema upesi, kama mtu anayekabidhi kitu cha moto, "Alizaliwa amekufa."

"Mama," daktari akasema, "mimi si polisi, na simtafuti mkosaji. Nikijua yule alikuwa na nini, ninajua nimtazame wapi huyu. Ukinificha, unamficha mjukuu wako aliye tumboni. Alizaliwa amekufa?"

Feni ilizunguka juu ikilia kama panya. Birago aliutazama mlango, akamtazama Dufie aliyekuwa amelala kitandani, tumbo wazi, macho darini.

"Alilia," akasema.

Dufie hakusogea.

"Alilia kama watoto wote. Alikuwa mwanamume. Kitovuni palikuwa na kitu kama yai lisilo na ganda, na ndani yake ungeona matumbo yanacheza. Mkunga akasema huyu si wa kukaa, huyu ni mtoto wa mto, roho ya majini isiyo mtu, mama yake asimwone, asije akamfuata. Nikamfunga kwa kitambaa. Nilimdondoshea maji mdomoni, akameza. Ilikuwa adhuhuri. Akakaa nami mpaka jogoo wa kwanza." Akamtazama Dufie. "Sikumuua. Nilimpakata mpaka mwisho. Ila nilikudanganya, mwanangu. Nilijua watu watakuita mama wa mtoto wa mto, na hakuna ambaye angekupa nguo ya kushona tena."

Machozi yalimtoka Dufie yakashuka masikioni, lakini sauti yake ilitoka kavu. "Daktari. Angepona?"

"Sikumwona, na sitasema kwa kitu ambacho sikukiona. Lakini watoto wa namna hiyo, kama kilichotoka ni kidogo na moyo ni mzima, tukiwapata siku ileile, wengi tunawashona wanakwenda nyumbani."

Birago alisikia neno 'wengi' likiingia mwilini mwake likakaa. Kutoka nyumba ya mkunga yule mpaka kilima hiki hakukuwa hata saa moja.

Daktari alimpaka Dufie ute baridi tumboni, akapitisha kile chombo chake. Kwenye kioo, katika giza, kikaonekana kiumbe kidogo kama kidole gumba, kinarusha miguu. Moyo wake ulipepea. Daktari alipima shingo, akahesabu mikono, akatazama kichwa. Kisha akarudi katikati ya tumbo, akasimama hapo muda mrefu mno.

"Kuna nini?" Birago akauliza.

"Kuna uvimbe mdogo mwanzo wa kitovu. Lakini sikilizeni, wiki hii ya kumi na moja hata mtoto mzima matumbo yake huwa bado nje kidogo, kwenye kitovu. Ni kawaida, baadaye hurudi ndani. Njooni baada ya wiki mbili. Yakiwa yamerudi, tutashukuru. Yakiwa bado, tutakaa tupange. Na mkitaka kujua njia zote, nitawaeleza zote, mtachagua wenyewe."

Dufie akavaa. Mlangoni akageuka. "Daktari, ni udongo?"

"Udongo haujulikani kuleta hili. Lakini una madini ya risasi, unakula damu yako, unafunga choo. Mjamzito aache."

Birago alitegemea kufurahi kwa sehemu ile ya kwanza. Sehemu ya pili ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Birago alimshuku daktari sasa. Mtu anayeona huona. Wiki mbili za nini? Pengine wanataka kumweka mtoto tumboni wamsomee wanafunzi wao. Pengine wamekwisha kuona ubaya wanangoja mimba ikue ili isitoke tena. Nsowaa alipouliza, "Mkweo hajambo?" Birago alimjibu, "Ananunua wapi siku hizi?" wakanuniana mpaka jioni.

Boadu alikuja kwake siku ya tatu. Mkewe alikuwa amemweleza. Hakuketi.

"Mama, ulimzika mwanangu bila mimi."

"Ulikuwa safarini."

"Takoradi. Nusu siku kwa basi. Ungenipigia ningefika nikamwona." Akavua kofia yake, akaivaa tena. Birago hakuwahi kumwona na uso ule. "Nilimkataza Dufie kukushuku. Nilimwambia, mama yangu hasemi uongo. Miaka mitatu nimekuwa nikimwambia hivyo."

Akaondoka. Birago alitamani angepiga kelele.

Jumamosi, Dufie naye akaja, peke yake, amevaa nguo nyeupe. Alisema maneno mawili: "Nionyeshe aliko."

Walikwenda kwa miguu, nje kabisa ya makazi, nyuma ya kiwanda cha matofali, mahali ambapo zamani wanawake walitupa majivu. Sasa mtu alikuwa amepanda mihogo. Birago alizunguka, akapotea, akarudi. Jiwe alilokuwa ameliweka halikuwepo. Akainama, akapapasa chini ya mihogo kwa mikono.

"Au hapakuwa na jiwe?" Dufie akasema.

"Lilikuwepo. Naapa."

"Usiape, Mama. Tafuta."

Mwenye shamba, mzee mmoja mwenye panga, akawakuta. Alipoelezwa, hakufoka. Aliwapeleka pembeni, akawaonyesha mchikichi mchanga. "Nililima nikakuta kitambaa na mifupa ya ndege," akasema, na wote watatu wakajua hakuwa ndege. "Nikakirudisha chini hapa. Sikuwa na wa kumuuliza."

Dufie akapiga magoti. Birago alisimama mbali, asijue kama ana ruhusa ya kusogea. Baadaye, njiani kurudi, Dufie alisema bila kumtazama: "Kuanzia leo kila kliniki utakwenda nami. Kila moja."

Birago akadhani amesamehewa. Macho yakamlowa. "Nitakuja, mwanangu, hata kama—"

"Sijasema kwa sababu ya mapenzi. Nataka uwe mbele ya macho yangu. Nikikuona najua uko wapi."

Siku ya kipimo cha pili umeme ulikatika kabla hawajaingia. Jenereta lilikuwa la chumba cha upasuaji tu. Wanawake waliotoka vijijini na safari ya saa nne walitandika vitenge sakafuni, wengine wakaondoka kwa sababu gari la kurudi kwao ni moja kwa siku. Kati yao alikuwa msichana mmoja, tumbo bado bapa kama la Dufie. Dufie akamwambia, "Kaa, wiki zako zitapita." Yule akasema mumewe hajui yuko hapa, akaenda zake. Birago akamtazama mpaka alipopotea getini. Aliwaza ni nani aliyemwambia afunge mdomo.

Umeme ulirudi alasiri. Daktari alitazama, akapima, akatazama tena. Safari hii hakuwazungusha.

"Bado. Ni kidogo, ni utumbo tu, ini halijatoka. Shingo nzuri. Tunaweza kupima damu yako kuona kama kuna tatizo kubwa zaidi, lakini hapa kwetu hupelekwa nje ya nchi, na si kila mtu anaimudu. Mwezi wa tano wa mimba nitatazama moyo. Moyo ukiwa mzima, mtoto huyu anazaliwa hapa, si kwingine, na daktari wa upasuaji akiwa amesimama mlangoni."

"Unajuaje hatakufa kama yule?" Birago akauliza, kwa ukali kuliko alivyotaka.

"Sijui," daktari akasema. "Ila yule hakuna aliyekuwa akimsubiri. Huyu tunamsubiri."

Boadu alipoelezwa alitaka kujua kama wanamwambia kweli au wanamfariji. Dufie akasema, "Kama wangetaka kunifariji wangesema si kitu." Akachagua kuendelea. Kuanzia hapo akaacha kuficha. Mimba ya miezi minne aliivalia nguo ya kubana akapita nayo katikati ya soko, mbele ya wauza konokono, mbele ya Nsowaa, na macho yenye meno yakamtafuna kadiri yalivyotaka. Mwezi wa tano moyo ulionekana mzima.

Birago alikwenda kliniki zote. Hakuacha kuuza, angekula nini? Waliotaka udongo wa kujipaka siku ya furaha aliwauzia kama kawaida. Lakini aliyeficha vipande chini ya nyanya alipewa kimoja badala ya viwili, na badala ya ule mnong'ono wa zamani akaulizwa, "Wiki ngapi? Umekwenda kupimwa? Nenda kabla ya miezi mitatu." Wateja walishtuka. Muuza udongo anayekataza udongo, ana nini huyu? Wengine wakasema analipwa na hospitali, wengine wakasema anatafuta mimba za kula kichawi. Nusu yao wakahamia kwa Nsowaa. Wawili watatu walikwenda kilimani wakarudi kumwonyesha karatasi, na mmoja akalia mbele yake, habari zake hazikuwa nzuri. Alimshika mkono mpaka akanyamaza.

Mtoto alizaliwa Jumanne asubuhi, kwa siku waliyopangiwa. Msichana. Nesi alimfunika kitovuni kwa plastiki safi yenye maji ya chumvi, na kabla ya kumwondoa akampeleka usoni kwa Dufie kama Dufie alivyokuwa ameagiza tangu mwezi wa tano, kwa mdomo na kwa maandishi: nimwone kwanza. Akamwona mwili wote, uso, vidole, na kile kilichotoka. Akakitazama bila kupepesa. "Basi ni hiki tu?" akasema.

Mtoto alipasuliwa Jumatano. Boadu alikaa nje ya chumba kile na mama yake, viti viwili kati yao vitupu. Saa ya pili ya kungoja alinunua mikate miwili ya sukari, akaweka mmoja kwenye kiti kitupu, akausukuma upande wake. Birago aliula ule mkate polepole, chembe kwa chembe.

Siku ya nane walimpa jina wodini, kwa sauti ndogo, maji na kinywaji kikali vikigusishwa ulimini mwake kwa ncha ya kidole cha nesi kwa sababu mikono yao haikuwa safi vya kutosha. Wakamwita Konadu, jina la mama yake Dufie aliyekuwa mbali huko Sefwi. Alikuwa na bandeji tumboni na mpira puani, na alikuwa na hasira, na hasira hiyo manesi waliisifu sana.

Wageni walipoondoka, Dufie alisema anataka kuoga. Tangu mtoto arudi kutoka upasuaji hakuwa ametoka machoni pa mtoto ila kwa dakika mbili tatu. Alichukua ndoo na sabuni, akamtazama Birago aliyeketi kando ya kitanda.

"Mama, utamwangalia?"

"Nitamwangalia."

Dufie akaenda hatua tatu. Akasimama, akarudi kwa mwanamke wa kitanda cha pili, akainama kama anayeazima kitu. Alinong'ona, lakini Birago alikuwa ameishi kwa minong'ono miaka thelathini na mmoja.

"Dada, nisaidie," Dufie alikuwa akisema. "Mtazame bibi yule mpaka nirudi."

Mwanamke yule akageuza mto wake akawaelekea. Birago hakuona haya, wala hakukasirika. Aliivuta karibu stuli yake mpaka ikawa mahali ambapo angeonekana wazi, akaweka mikono yake yote miwili juu ya magoti. Mtoto alipoanza kulia hakumgusa. Alimwimbia tu, kwa sauti ambayo kitanda cha pili kingeisikia vizuri, mpaka mama yake aliporudi na maji yakimdondoka nyweleni.